P Iliyojificha Kwenye Mtihani wa Hesabu

Kwa miaka ishirini na miwili mitihani yote ya shule ile ilichapwa na mwanamke mmoja. Walimu walimwita Bi Nukta, kwa kuwa hakuacha hata nukta ipite bila kuikagua. Wengine walilitamka jina hilo kwa dhihaka. Yeye alilichukua kama cheo.

Ijumaa moja asubuhi mwalimu wa hesabu aliingia ofisini kwake na karatasi ya kwanza iliyotoka kwenye kompyuta mpya, akaitandaza juu ya kibodi.

"Bi Nukta, mimi nilitaka wanafunzi watatue hesabu. Wewe umewafungulia duka la kubadilisha fedha."

Ni kweli. Kila palipotakiwa ≤ palikaa alama ya pauni, £, na kila kipeuo cha pili kiligeuka Ö. Mtihani ulikuwa Jumatatu.

Makamu wa mkuu wa shule hakuona shida. Zitolewe nakala hivyo hivyo, alisema, na wasimamizi waandike masahihisho mawili ubaoni. Bi Nukta alikataa. Aliukumbuka mwaka ambao masahihisho ya ubaoni yalifika vyumba vitatu, chumba cha nne kikasahauliwa, na watoto wa chumba hicho wakapoteza swali zima. Hakuna mtu mzima aliyewaomba radhi.

Akampigia simu fundi wa kompyuta. Fundi akamweleza kwamba kompyuta haihifadhi umbo la alama, inahifadhi namba tu. Fonti, yaani mtindo wa herufi uliochaguliwa, ndiyo inayoamua namba hiyo ionekane vipi.

"Mama, ulikuwa unaivalisha namba ya pauni nguo ya hesabu," alisema. "Mashine mpya haina nguo hiyo, ndiyo maana imebaki uchi."

Dawa yake, akaongeza, ni kutumia orodha kubwa ya kimataifa ambamo kila alama ina namba yake peke yake, isiyoazima ya mwenzake.

Maneno hayo yalimchoma. Miaka yote alijisifu kwa usahihi, kumbe usahihi wenyewe ulikuwa wa kuazima. Hakupoteza muda kujitetea. Alichukua rula, akaanza kusoma mtihani upya mstari kwa mstari.

Swali la saba lilimsimamisha. Eneo la duara, liliandikwa, ni pr². Akalitazama mara mbili. Ile π nayo ilivuliwa nguo, ikabaki p ya kawaida, imetulia kama mgeni asiyealikwa.

Alikwenda na karatasi hadi mezani kwa makamu.

"Pauni anaiona hata mpita njia," alimwambia. "Hii p hukuiona wewe, sikuiona mimi, na mwalimu wa hesabu hakuiona. Ubaoni mngeandika nini?"

Makamu alisoma swali, akavua miwani. Mwalimu wa hesabu, aliyekuwa karibu na mlango, hakuwa tena na mzaha. Makamu akampa Bi Nukta hadi Jumamosi adhuhuri.

Hakukuwa na njia ya mkato. Angeiamuru kompyuta ibadilishe kila p, hata pembetatu ingeanza na π. Basi alitafuta kwa macho, rula ikishuka mstari mmoja mmoja, mwalimu wa hesabu kando yake akisoma kwa sauti rasimu yake ya mkono. Walipata p tisa zilizojificha. Kila alama aliiandika upya kwa namba yake halisi, kisha akalifungua faili kwenye kompyuta tatu tofauti. Alama hazikubadilika popote. Hapo ndipo aliporuhusu nakala zitolewe, Jumamosi saa tano na nusu asubuhi.

Jumatatu, mtihani ulipoanza, alipita kwenye madirisha ya vyumba vyote vinne. Watoto walikuwa wameinama wanaandika. Ubaoni palikuwa na saa ya kuanza na saa ya kumaliza tu.

Alirudi ofisini, akabandua ukutani kadibodi yake ya zamani, iliyomwonyesha herufi ya kubonyeza ili kupata kila alama, akaanza kuandika nyingine yenye namba halisi.