Aliyeshuka na Kahawa ya Kyondo

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu, nilipokaa juu ya jiwe kando ya njia ya Kyondo, mapaja yakitetemeka, huku nafasi yangu ya kwenda marathoni ya Kasese ikiteremka mlima bila mimi.

Siku hiyo waandaaji walikuwa wanachagua wakimbiaji wawili. Tulitoka Bwera, tukapanda hadi kanisa la Kyondo, tukageuka kurudi Bwera. Kileleni nilikuwa wa kwanza. Nilistahili: kwa miezi miwili nilikuwa nimepanda mlima ule kila asubuhi, nikiandika dakika zangu kwenye daftari. Kushuka sikuandika. Kila nilipofika juu nilikodi boda ya kunirudisha, kwa kuwa niliamini kuteremka ni kupumzika, na kupumzika hakufunzi kitu.

Nusu ya mteremko magoti yalikataa. Watu saba walinipita. Wa nane hakuwa hata mshindani. Alikuwa Mama Kabugho, jirani yetu mwenye wajukuu, amebeba gunia la kahawa mgongoni, kamba yake ikipita kwenye paji la uso.

"Muzee," aliniita, nami nilikuwa na miaka ishirini na miwili, "unaniachia njia?"

Nilimweleza mazoezi yangu yote. Akauliza kila siku nilishukaje. Nilipotaja boda, alicheka mpaka akalazimika kutua gunia.

"Sisi tunapanda mikono mitupu," alisema alipopata pumzi. "Kahawa inatoka huku juu. Kazi yetu iko kushuka. Wewe kazi umemwachia mutu wa pikipiki."

Alinisimamisha, akaniamuru nimfuate nyuma: hatua fupi, magoti yalegee kidogo, nisikanyage kwa kisigino kama mtu anayefunga breki. Tukafika Bwera pamoja. Watu waliniuliza kama gunia lilikuwa langu.

Tangu hapo, kila Jumamosi nilishuka nyuma yake. Wiki za kwanza nilishindwa hata kukaa kwenye kigoda bila kushika ukuta. Daftari likapata safu ya pili, ya dakika za kushuka. Mwaka uliofuata, kwenye mchujo ule ule, nilifika kileleni nikiwa wa sita, na Bwera nikiwa wa pili. Mama Kabugho alikuwa amesimama kwenye mizani ya kahawa. Alinitazama kuanzia viatuni.

"Boda yako iko wapi?"

Nikaenda Kasese.

Basi, mwanangu, ukitaka miguu ya marathoni, panda, lakini shuka kwa miguu hiyo hiyo. Anza na kipande kifupi, polepole. Mapaja yakiuma, yape siku mbili ndipo urudi. Na ile sehemu ya kazi unayoiona rahisi mno hata huiandiki, iandike kwanza, maana huko ndiko nilikopitwa na gunia.

Mungu akupe magoti ya Mama Kabugho, akupandishe salama, na akufikishe chini ukiwa bado na pumzi ya kucheka.