Nilivyompaka Rangi Baba Mkwe

Jamani, msicheke kwanza, maana mimi mwenyewe nikikumbuka siku ile ya Ilongero natamani ardhi ipasuke, na nawasimulia tu kwa kuwa ninyi ni watu wangu.

Nilikuwa najifunza uchoraji pale mjini, nimeshajua kuchanganya bluu na njano nikapata kijani (basi kichwa kikavimba), ndipo mama wa mchumba wangu Elia akaniomba nimchoree marehemu mumewe kwa ajili ya ibada ya kumbukumbu, maana picha waliyobaki nayo ni moja tu, ndogo, ya nyeusi na nyeupe. "Alikuwa maji ya kunde," akaniambia. "Natamani nimwone tena na rangi yake." Nami nilivyokuwa nataka anikubali, nikajibu haraka, "Hakuna shida, mama."

Sasa jua la Singida mnalijua. Nikahamia chini ya turubai la bluu uani kwetu Unyambwa, ingawa mwalimu alishatuonya kwamba rangi huangaliwa kwenye mwanga wa wazi, na kila nikiutazama ule uso nauona umepauka, naongeza nyekundu, naongeza tena, mpaka nikaridhika (nikajisifu peke yangu, kuku wakanishangaa), nikaifunga picha kwenye kitenge, nikapanda bodaboda hadi kwao Elia, Ilongero.

Ibada ikaisha, nikaitwa mbele, nikafunua juani. Mungu wangu! Mzee alikuwa mwekundu kama nyanya; kumbe ile bluu ya turubai ndiyo iliyokuwa inanifichia wekundu wote. Watoto wakaangua kicheko, shangazi yake Elia akauliza kwa sauti, "Huyu kapakwa nini?" Mwenye akili angefunika hapo hapo, lakini mimi nikakumbuka somo la kwamba kijani huua nyekundu, nikatoa rangi na brashi mkobani (nilivibeba ili nitie sahihi mbele ya watu, majivuno hayo!), nikaanza kupaka, mchungaji na ukoo mzima wakiniangalia, uso ukawa matope, halafu ukawa kijivu, kijivu kabisa cha maiti.

Hapo hakuna aliyecheka tena. Mama yake Elia akanishika mkono taratibu, machozi yanamtoka.

"Acha, mwanangu. Utamzika mara ya pili."

Nilipiga magoti nikaomba radhi, akanisamehe mbele ya wote, na msamaha wenyewe ndio ulioniumiza zaidi. Siku hizi nachora alizeti, nachora mbuzi, nachora hata mawe, lakini uso wa marehemu wa mtu sigusi tena, hata aniombe nani.