Letisia na Spika za Klabu ya Mkonge

Siku Letisia Mlolwa aliposukuma mkokoteni kutoka shamba la mkonge la upande wa Chanzuru hadi nyumbani kwake Kilosa mjini, watu walitoka vibarazani kumtazama. Juu ya mkokoteni yalilala masanduku mawili ya mbao, kila moja refu kiasi cha kumfika kiunoni. Kitambaa cha mbele kilikuwa kimetobolewa na panya.

"Mama, umenunua majeneza?" mwanamume mmoja akamtania.

"Ndiyo, ya kuzikia maneno yako," akajibu bila kusimama.

Hayakuwa majeneza. Zilikuwa spika za klabu ya wafanyakazi. Kwa miaka kumi na tisa Letisia ndiye aliyekuwa mtunza ukumbi wa klabu ile. Alifagia, alipanga viti, na kila Jumamosi alasiri aliwasha muziki. Wakata mkonge walioingia wamejikunja migongo walitoka wamenyooka. Halafu, mwaka 1994, shamba likapata mmiliki mpya, na jina la Letisia likasomwa miongoni mwa waliopunguzwa kazi. Ukumbi ukageuzwa stoo ya mbolea. Msimamizi mpya, Kasian, alisimama mlangoni akaamuru kila kilichokuwa ndani kitupwe nje.

"Na hizi spika?" Letisia akamuuliza.

"Hizo ni kuni. Anayetaka kuni achukue."

Alisema hivyo mbele ya watu wasiopungua ishirini. Letisia akaenda kutafuta mkokoteni.

Nyumbani alikuwa na cherehani yake ya miguu, ambayo sasa ndiyo ilimlisha. Mdogo wake Agatha, aliyeishi naye, aliyatazama masanduku yale yakiziba nusu ya sebule akashika kiuno.

"Dada, maduka ya stesheni yamejaa radio mpya kutoka Dubai. Zina taa. Zina kaseti mbili. Wewe unaleta uchafu waliotupa wenzio?"

"Walinitupa na mimi pia," Letisia akasema. "Mimi ni uchafu?"

Agatha akaondoa mikono kiunoni, akamsaidia kusogeza masanduku ukutani.

Jumatatu Letisia alifungua skrubu za sanduku moja, akatoa spika yenyewe, akaenda nayo sokoni kwa Dotto, fundi radio. Dotto alikuwa kijana mwenye adabu. Alimwamkia vizuri, akaigeuza spika ile mikononi, akabonyeza ukingo wake kwa kidole. Ule ukingo wa sponji unaoshikilia karatasi nyeusi ya katikati ili iweze kucheza ukavunjika kama mkate mkavu.

"Mama, sumaku nzima, koili nzima. Lakini sponji hii imeoza, na hapa nchini haipo. Tupa tu, mama. Siku hizi hakuna anayetengeneza, kila kitu kipo dukani."

"Kwa hiyo kilichokufa ni huu ukingo tu?"

"Ukingo tu. Ila bila huo spika haisemi, inakoroma."

Letisia akaichukua spika yake akaondoka. Njiani alikuwa akiwaza neno moja tu: ukingo. Maisha yake yote alikuwa akishona kingo. Kola, pindo, mikanda ya mikono. Leo aambiwe kwamba kuna ukingo usioshoneka?

Ukingo wa kwanza aliukata kwenye mpira wa ndani wa baiskeli. Ulikuwa mzito, na ile karatasi ikakataa kabisa kusogea. Wa pili aliukata kwenye kitambaa cha kanga kuukuu, akiufuata uzi wake sawasawa. Ulikauka na gundi ukawa mgumu kama kibao. Akaubandua akautupa, akakaa siku mbili bila kugusa kitu, akishona sare za shule kwa hasira hadi Agatha akamwonea huruma.

Siku ya tatu alikuwa akikata pindo la gauni la kipaimara. Pindo la duara haliwezi kukaa vizuri ukikata kitambaa kwa kufuata uzi. Ni lazima ukate mshazari, kutoka pembe hadi pembe, ndipo kitambaa kinavutika na kukubali kuzunguka. Mkasi ukasimama katikati ya kitambaa.

"Agatha! Mimi mjinga kweli!"

Alichukua bitana nyepesi, akaikata mshazari, akaikunja juu ya mdomo wa sufuria ili ifanye tuta dogo la kuzunguka. Akaipaka gundi ya viraka vya baiskeli iliyozimuliwa kwa petroli, tabaka jembamba, ili isipitishe upepo lakini ibaki laini. Ilipokauka aliibonyeza kwa kidole. Ikashuka, ikarudi juu yenyewe.

Kubandika kulikuwa kazi nyingine. Koili ya spika, ule waya uliozungushwa nyuma ya karatasi, hukaa ndani ya upenyo mdogo sana wa sumaku, na ikienda upande hata unywele mmoja, inakwaruza. Letisia akaenda kwa mpiga picha wa mtaani akaomba vipande vya negativu zilizoharibika, zile filamu nyembamba. Alivichomeka kuizunguka koili ili ibaki katikati, akabandika ukingo, akaacha ukauke, kisha akavivuta kimoja kimoja. Akasukuma karatasi ile kwa vidole vya mikono miwili, sikio lake karibu. Haikukwaruza. Alirudia kazi hiyo hiyo kwa spika ya pili.

Katekista Wenceslaus alimwazima amplifaya ya parokia. Mchana wa Jumamosi wakaiunganisha na radio na spika zote mbili. Sauti ilitoka, lakini nyembamba, haina besi, kama mtu anayeimba ameziba pua. Agatha akageuza uso asione dada yake anavyojisikia. Letisia akachukua betri ya tochi na nyaya mbili, akagusisha kwenye spika ya kwanza. Karatasi ikaruka mbele. Akagusisha ya pili vilevile, ikarudi nyuma.

"Zinapingana," akasema. "Moja inasukuma, nyingine inavuta."

Akabadilisha nyaya za spika moja. Besi ikaja ikatikisa vikombe kabatini. Agatha akapiga yowe, na majirani wakaanza kuingia uani wenyewe, bila kualikwa. Miongoni mwao walikuwemo wakata mkonge wanne waliopunguzwa pamoja naye. Walicheza hadi jua likaanza kulalia upande.

Jumamosi ya tatu, Kasian naye akaja. Alikuja na vijana wawili na pikapu ya shamba, akaingia uani moja kwa moja.

"Mama, hizo ni mali ya kampuni. Tumezifuata."

"Kwanza umeingia kwangu bila salamu. Mimi ni sawa na mama yako."

Akaguna. "Shikamoo."

"Marahaba. Sasa, uliita kuni. Kampuni imekuja kufuata kuni?"

"Zilikuwa mbovu. Sasa ni nzima."

"Nani amezifanya ziwe nzima?"

Kasian akawaashiria vijana wake. Letisia akaingia ndani akarudi na mkasi wake mkubwa wa kukatia nguo, akasimama mbele ya spika.

"Chukueni masanduku, chukueni sumaku. Lakini ukingo ni wangu, kitambaa nimenunua mimi, nimekata mimi. Nitakikata nibaki nacho, nanyi mrudi na kuni zenu kama mlivyozitupa. Mchague."

Wale vijana wakatazamana. Mmoja alikuwa amecheza uani pale Jumamosi iliyopita. Aliinamisha kichwa akarudi kwenye gari.

Kesi ikafika ofisi ya kata. Mtendaji, Danieli, aliwasikiliza wote wawili, akawaita mashahidi wa siku ile ya kutupa vitu. Walijitokeza kumi na mmoja, wote wakasema neno lile lile: kuni. Danieli akamtaka Kasian alete karatasi yoyote inayozitaja spika katika mali za kampuni. Kasian akaomba wiki mbili. Hakurudi baada ya wiki mbili, wala baada ya mwaka.

Mapema mwaka uliofuata Dotto alimjia Letisia nyumbani, ana spika mbili kwapani, aibu usoni.

"Mama, naomba unioneshe ule mshazari."

Akamwonesha, tena mara mbili. Lakini hakumwachia kazi yote. Kibao cha barazani kilichosema FUNDI CHEREHANI alikipaka rangi upya, akaongeza NA SPIKA. Wanaume wengine walikisoma wakacheka, wakaendelea na safari. Mmoja, aliyetoka Kidodi na spika ya klabu yao imefungwa kwenye gunia, alisimama mlangoni akachungulia juu ya kichwa cha Letisia, akimtafuta mtu ndani.

"Fundi yuko wapi?"

"Umeshamwona," Letisia akasema, akasogeza gauni alilokuwa akilishona. "Weka hapa mezani."