Pumzi ya Rukia Katikati ya Wimbo

Watoto wa kwaya walipofika katikati ya ubeti wa pili, wakavuta pumzi wote kwa pamoja, wakaruka mstari mzima na kutua katikati ya kiitikio. Ukumbi wa shule pale Korogwe ukalipuka makofi. Mimi nilibaki nimeshika chupa ya soda. Mshereheshaji akasema tumshangilie Mwalimu Hamza, aliyeupanga wimbo huu wa kizungu uimbwe kwa midomo mitupu, bila gitaa wala ngoma, kwa ubunifu wake mwenyewe. Hamza akasimama, akainama. Ana kitambi siku hizi.

Nilikuwa nimekwenda mahafali ya mwanangu Salehe, sikwenda kutafuta ugomvi.

Enyi mliokua enzi zetu, nyie mtanielewa. Kwetu Kwamsisi redio kaseti ilikuwa ya Mjomba Athumani, imefunikwa kitambaa cha kufuma utadhani bibi harusi. Alirudi nayo kutoka Korogwe pamoja na kaseti moja iliyorekodiwa kwenye duka la Mhindi. Upande wa kwanza taarabu. Upande wa pili, nadhani kwa kujazia tu nafasi, mzungu na gitaa lake na kinanda cha mdomo, analalamikia jambo ambalo mpaka leo silijui. Tulimpenda palepale. Tulikuwa watatu: mimi, mdogo wangu Rukia, na Hamza, mtoto wa jirani.

Wiki ya kwanza, hata maneno hatujayashika, mashine ikaimeza ile kaseti. Rukia akasema tumsubiri mjomba. Hamza akavuta. Utepe ukakatika, na kipande cha urefu wa mkono kikakunjamana kama mlenda uliokauka. Akakitupa chooni. Ncha zilizobaki tukaziunga kwa rangi ya kucha ya mama. Mjomba alipotokea mlangoni, Hamza akasema, "Shikamoo mjomba, ni Mwanaidi," hata kuitikiwa hajaitikiwa. Mwanaidi ndiye mimi. Viboko nilivila peke yangu. Hamza alisimama pembeni anakula zambarau.

Toka siku hiyo wimbo ukawa na shimo. Mzungu anaimba vizuri, ghafla anaruka, anaibukia mbele kama mtu aliyevuka mtaro. Sisi, kwa utoto wetu, tukajua ndivyo alivyoimba. Betri zikichoka tulizianika juu ya bati pamoja na mihogo, zikapata uhai kidogo, kisha mwisho wa wimbo sauti inazidi kuwa nzito na ya polepole mpaka inakata. Hilo nalo tukajua ni la kwake.

Mjomba akazigundua betri juani. "Betri za matangazo ya vifo hizo!" akafoka. "Mnataka watu wafe mimi nisijue?" Akazifungia kwenye sanduku.

Ndipo Rukia akasema, basi tuwe redio wenyewe. Msimu ule wa mahindi tulishinda shambani juu ya dungu, kile kichanja cha miti, tukilinda nyani, na huko ndiko alikotupanga. Mimi nikawa gitaa: dang'ala dang'ala, mpaka midomo inakufa ganzi. Hamza akawa ngoma, anapiga kifua, na mapigo yake hayakuwahi kulingana. Rukia akaimba. Pale penye shimo sauti zetu zilikuwa zinagongana, kila mtu anatua kivyake, ndipo akatufundisha kuvuta pumzi moja, kwa nguvu, inayosikika, halafu kutua pamoja. "Pumzi ndiyo daraja," alikuwa akisema, na akatuchapa vidole kila tulipokosea. Mwishoni tukafa polepole kama betri. Nyani walikuwa wasikilizaji wetu wa kwanza. Makofi hawakupiga, ila waliondoka.

Mama akitusikia kutoka mtoni alisema, "Hawa leo wamekula nini?" Tulikuwa tumekula makande ya jana.

Mimi nikaishia darasa la saba. Hamza akaendelea na shule. Rukia aliolewa Dindira, homa ikamchukua kabla ya mwaka kwisha. Picha yake hatuna. Kilichobaki kwake ni ile pumzi.

Baada ya mahafali nilimfuata Hamza.

"Aa, dada Mwanaidi! Umeuonaje wimbo?"

"Pale katikati mbona mnaruka?"

"Ndiyo sanaa yenyewe hiyo," akasema, huku anawapungia wazazi wengine. "Nyie wa Kwamsisi hamwezi kuielewa."

Salehe akaniwekea wimbo wenyewe kwenye simu. Mzungu anaimba mstari wote, haruki popote, na mwisho wake hafi polepole. Nilitaka kurudia, lakini mwanangu alishahamia wimbo mwingine. Vijana wa leo wana nyimbo zote za dunia mfukoni, na hawana hata mmoja walioumaliza. Sisi tulikuwa na mmoja wenye shimo, tukaumaliza kila siku.

Basi Hamza, nakuuliza mbele ya hawa tuliolingana umri, na usiniletee habari za sanaa. Ule mstari uliokosekana ulikwenda wapi? Nani aliutupa chooni? Na wale watoto, walipovuta pumzi mbele ya ukumbi mzima, walikuwa wanavuta pumzi ya nani? Mahafali mengine yapo mwakani. Simama palepale uliposimama, ulitaje jina lake.