Chai ya Mama na Lile Swali

Siku niliporuhusiwa kutoka hospitalini Homa Bay, nilikolazwa kwa huzuni iliyonilemea, muuguzi alimpa mama kijikaratasi cha familia. Kilisema: muulizeni mgonjwa wenu waziwazi kama anafikiria kujiua. Kumuuliza hakumpi wazo hilo, kunampa nafasi ya kusema.

Loo! Afadhali wangemwambia ahamishe ziwa. Kwetu kutamka kifo cha mtu aliye hai ni kukiita mlangoni, na mama, pamoja na sauti yake yote ya kwaya, huogopa neno hilo kuliko nyoka. Lakini pia hawezi kupuuza kitu kilichochapishwa. Nilimsikia jikoni akifanya mazoezi, akiiuliza sufuria. Kisha akaja nilipoketi, akashusha pumzi.

"Mwanangu, unafikiria ku... kunywa chai?"

Nikanywa. Akarudi tena. "Niambie ukweli, usinifiche. Unataka... niongeze sukari?"

Akamtuma baba. Baba akaniuliza habari za mahindi, akatoka mbio kama aliyeona moto. Chai ikaja tena, na tena, hadi tumbo likawa linachezacheza nikigeuka. Na jibu nilikuwa nalo! Lilinikaa kooni, zito, nami nilitamani sana mtu aulize nilitoe, maana kuanza mwenyewe nilishindwa.

Mwishowe mama alisalimu amri, akampigia simu nyanya yangu kule Karungu. Bibi huyo alifika asubuhi na mfuko wa omena, dagaa wa ziwani, akasomewa kile kijikaratasi, wala hakungoja kiti.

"Chwora!" akaniita, yaani mume wangu. Ndivyo nyanya wa kwetu anavyomwita mjukuu wake wa kiume, na katika utani huo hakuna neno lililo mwiko. "Nasikia unataka kuniacha mjane mara ya pili. Uko na mawazo ya kujiua, ama hawa watu wanakumaliza tu na chai?"

Nilicheka! Sikuwa nimecheka tangu mvua za mwanzo. Nikacheka mpaka machozi, na katikati ya kicheko jibu likatoka lenyewe. "Niko nayo, dani," nikamwambia nyanya.

Hakunikemea, wala hakunihubiria. Alinishika mkono. "Asante kwa kuniambia. Vaa viatu, tunarudi hospitali sasa hivi, mimi na wewe."

Kule muuguzi akamuuliza yeye ni nani wangu. "Mke wake wa kwanza," akajibu, akavuta kiti karibu nami. Muuguzi, mtu wa kwetu, hata hakupepesa macho.

Matibabu yalichukua muda. Zilikuwako siku mbaya, na nyanya aliniuliza kila mara, kwa matusi yake matamu. Kisha alasiri moja mama akaja nilipoketi, mikono mitupu, bila kikombe.

"Mwanangu," akasema. "Unafikiria kujiua?"

"Leo hapana, mama."

Akapiga kigelegele kilichotawanya kuku wote, halafu akaketi chini akalia. Mimi nililia pia, nikicheka, nikampenda kuliko nilivyowahi kumpenda. Alikuwa amelisema. Nikaingia jikoni kumchemshia chai, nikamuuliza kutoka huko kama niongeze sukari.