Mashine ya kubangua karanga iliyonyweshwa soda

Wakuu, hamjambo humu? Ninachoandika kilinitokea mwenyewe, chumvi sijaongeza. Anayebisha aje Dodoma tubishane, mimi huwa nipo nyumbani tu.

Ilikuwa enzi za ruksa, mitumba imejaa, soda unachagua hadi rangi. Nilikuwa form three, shule ya bweni.

Yakaja mashindano ya sekondari: undeni mashine ya kumsaidia mkulima. Atakayeshinda, mashine yake inaundwa upya kwa chuma na anakabidhiwa.

Rafiki yangu Salimu, mtoto wa Busi kule Kondoa, akapagawa. Mama yake alikuwa anabangua karanga za mbegu kwa vidole msimu mzima, hadi kucha zinatoa damu. Salimu aliitaka ile mashine ya chuma kuliko division one.

Mimi? Wana-project walisamehewa kulima shamba la shule. Nikajiunga mbio.

Tukaunda gogo lililovishwa vipande vya tairi, wavu chini, mpini pembeni. Salimu ndiye fundi, mimi wa kuzungusha.

Siri yetu ilikuwa moja. Karanga kavu hupasuka, ila ukizinyunyizia maji kidogo zikalainika, zinatoka nzima. Salimu alijifunza kwa mama yake.

Siku yenyewe bomba la uwanjani halikutoa hata tone. Dodoma hiyo wakuu, mnashangaa nini? Kwa bahati tulikuja na chupa ya maji, tumemshikisha mwalimu wetu wa fizikia.

"Mwalimu, yale maji?"

"Nimekunywa. Jua lote hili!"

Salimu nusura alie. Akaona soda ya machungwa meza ya wageni, imefunguliwa na haina mwenyewe. Akaibeba, akazimwagia karanga.

"We Salimu, unazipeleka harusini?"

"Funga mdomo, kazi yako kuzungusha."

Tuliitwa wa mwisho, zikawa zimelainika. Mwanzo mashine ilikwenda safi. Halafu sukari ikashika. Gogo likagoma. Nikakaza misuli ambayo sina, mpini ukachomoka, nikaenda nao hadi miguuni kwa mgeni rasmi.

"Shikamoo mzee," nikasema, bado nimelala kifudifudi.

"Marahaba. Inuka basi, mwanangu."

Uwanja mzima hoi kwa kicheko.

Waamuzi walipima kasi, tukashika mkia. Karanga za washindi zilitoka zimesagika, tayari kuungia mchicha. Zetu chache zilikuwa nzima zote, ila nani aliuliza?

Salimu aliisugua mashine hadi sukari ikaisha, na likizo ilipofika akaipakia juu ya basi la Kondoa. Na mimi akaniburuta.

Mama yake akanyunyizia karanga maji, akasubiri, akatukabidhi za kujaribia, nikazungusha. Akaokota punje, akazigeuza moja moja kiganjani.

"Hizi zitaota," akasema. Kisha akanitazama. "Na wewe baba, unaondoka lini?"

"Kesho, mama."

"Kesho ipi? Kaa hapo."

Nilizungusha likizo nzima, mabega yakawaka moto. Yeye alikaa pembeni akipepeta, anapiga soga na majirani, vidole vimepona.

Funzo langu: waamuzi wana alama zao, mwenye shamba ana zake. Na maji ya kazi msimpe mwalimu wa fizikia.

Haya, nanyi mlioaibika kwenye mashindano ya shule, shusheni hapa tucheke wote.