Sauti ya Sarah Ndani ya Lori

Nakhumicha aliisikia sauti ile mara ya kwanza akiwa amesimama kwenye kidato cha lori, ameshika chupa ya chai. Mumewe, Wepukhulu, alikuwa ameegesha pale barabarani Yamumbi kabla ya kushika njia ya Kitale, na kutoka huko hadi Lokichar, Turkana, ambako alipeleka mabomba kwenye visima vya mafuta. Redio ya gari ikakoroma, kisha ikasema kwa upole kama mtu anayembembeleza mtoto:

"Mzee Wepukhulu, umekula? Umelala vizuri? Usinidanganye."

Wepukhulu akacheka. Hakucheka sana, ila kilikuwa kicheko ambacho Nakhumicha hakukisikia nyumbani siku nyingi.

"Nimelala, mama. Sasa nakunywa chai."

"Huyo ni nani?" Nakhumicha akauliza.

"Ni Sarah wa ofisi. Anatuangalia."

Anawaangalia. Neno hilo Nakhumicha alirudi nalo nyumbani, akapika nalo, akafua nalo. Yeye akipiga simu, Wepukhulu hashiki, kwa sababu dereva wa kampuni akishika simu barabarani, kamera iliyo ndani ya gari inamwona, na anafutwa kazi. Sawa. Lakini Sarah anaongea naye njia nzima. Sarah anajua kama yuko Kapenguria au amefika Kainuk. Mke wa ndoa ya kanisani anajua tu kwamba mume ameenda.

Jirani yake, Nyaguthii wa duka, hakumsaidia.

"Mama Lenny, mwanaume akiulizwa kila siku kama amekula, mwisho ataanza kuona njaa," alisema, akimpimia sukari. "Mimi ningeenda nimwone huyo msichana."

Nakhumicha alisema hawezi, yeye ni mtu wa maombi. Alhamisi akaenda. Alivaa kitambaa cheupe cha akina mama wa kanisa, akapika kuku, akamfunga ndani ya hotpoti ili awe na la kusema, kisha akapanda boda boda hadi Kapseret, kwenye yadi ya kampuni. Njiani alipanga maneno yake. Hangepiga kelele. Angemwambia tu, binti yangu, muogope Mungu.

Mlinzi akamwambia lori la Wepukhulu liliondoka asubuhi, lakini hotpoti aiache kwa Sarah.

Sarah alikuwa mrembo, na hilo lilimuuma Nakhumicha kuliko alivyotarajia. Alikaa mbele ya skrini iliyojaa vitone vya kijani, akainuka haraka kumpa kiti.

"Karibu, Mama. Wewe ni wa Mzee Wepukhulu? Anakusifu sana kwa kupika." Akagusa skrini kwa kidole. "Si huyu hapa? Amesimama apumzike."

Nakhumicha akakiangalia kile kitone. Mumewe, mdogo kama punje ya mtama, chini ya kucha ya msichana mwingine. Badala ya kusema maneno aliyoyapanga, akaweka hotpoti mezani.

Sarah akabonyeza redio. "Mzee, umekunywa maji? Na ile dawa ya presha, umemeza?"

"Nimemeza, mama," sauti ya Wepukhulu ikajibu.

"Presha ya nani?" Nakhumicha akauliza.

Msichana akaachilia redio. Uso ulimbadilika. "Mama, pole. Nilijua unajua. Hapa dereva anapimwa kabla ya kupewa funguo. Yake ilipanda tangu Pasaka, daktari akasema aendeshe tu kama anameza dawa."

Nakhumicha akaaga kwa heshima, akaacha kuku. Alirudi kwa miguu mpaka akachoka. Kama angewakuta wameshikana mikono, angejua la kufanya. Angeenda kwa mchungaji. Lakini msichana huyu hakuiba kitu. Alikuwa amepewa tu kile ambacho mume hakukileta nyumbani. Akajaribu kuomba, na badala ya maombi akajikuta anamwambia Mungu kwamba yule msichana ana meno mazuri, na si haki.

Wepukhulu aliporudi, mkewe alimwekea ugali na sukuma, akakaa mbele yake.

"Una presha."

Akaacha kutafuna. "Nani amekuambia?"

"Bibi yako wa redio."

"Yule analipwa kuuliza."

"Na mimi?"

"Wewe ungeambia akina mama wa kanisa waniombee. Jumapili mchungaji ananitaja kwa jina mbele ya watu. Oketch, dereva asiye na gari, yuko pale kwa benchi la kanisa, anatamani hii lori kama nini. Jumatatu anaenda kwa bosi kusema Wepukhulu ni mgonjwa. Si ungefanya hivyo?"

Nakhumicha akatazama mikono yake. Angefanya hivyo kabisa. Hata jina la kwanza kwenye orodha ya maombi angelitoa yeye mwenyewe, kwa machozi.

"Ningefanya," akasema. "Sasa sitafanya. Lakini si haki nisikie kwa mtu."

Wepukhulu akainuka. Akaenda kwenye koti lake, akatoa dawa, akaziweka mezani kando ya chumvi. Mkewe akazisoma jina polepole, herufi kwa herufi, mpaka akalishika.

Safari iliyofuata, simu yake ililia mchana akianua nguo.

"Nimesimama Kainuk," Wepukhulu akasema. "Wametupatia dakika za kupumzika."

"Umemeza dawa?"

"Sarah ameshauliza."

"Sikuuliza kama Sarah ameuliza. Mimi ndio nauliza."

Upepo wa Turkana ukavuma kwenye simu. Kisha Wepukhulu akacheka, kile kicheko kidogo.

"Nimemeza, Mama Lenny. Na maji nimekunywa."

"Maji gani umekunywa, ya chupa ama ya kisima?" akauliza, maana hilo Sarah hakuwahi kuliuliza.